Damu Niliyomwachia Hellena

Mimi ni Cornelia, mjane wa katekista wa Kaengesa, na nina miaka sabini na nne. Herufi nilifundishwa na masista nilipokuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, nyingine nimeziokota mwenyewe kwa kusoma maandishi ya mifuko ya mbolea. Mtu asicheke mwandiko wangu. Ninaandika kwa sababu wanawake wengine wataitwa kwenye kipimo kile nilichoitwa mimi, na wengi hawatakwenda kwa kuona haya. Lakini habari ya kipimo siwezi kuieleza bila kueleza nilichomfanyia mkwe wangu Hellena. Ningeweza kuficha. Nimeficha ya kutosha.

Mimi sijazoea kushikwa mkono. Nimezaa watoto saba, wote nyumbani, na wa mwisho nilimzaa peke yangu, mkunga alikuja kukuta nimeshakata kitovu. Nilipovunjika mkono shambani nilirudi na jembe langu begani, upande uliobaki mzima. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Cornelia, wewe hata kaburini utakwenda kwa miguu." Nilikuwa ninafurahi kusikia hivyo.

Basi, damu ilianza wiki tuliyokuwa tunavuna ulezi. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua huku juu, upepo unakata masikio. Nilikwenda chooni asubuhi nikaona mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Maumivu hakuna. Homa hakuna. Kesho yake vile vile, na kwenye nguo ya ndani kukawa na doa. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu wa kwanza. Nilidhani mwezi umenirudia.

Unacheka? Na mimi ningecheka kama ingekuwa ni ya mwenzangu. Lakini damu ikitoka huko, mwanamke anaijua kwa jina moja tu. Nilimkumbuka Sara wa Abrahamu aliyezaa uzeeni nikaogopa zaidi, maana mimi hata Abrahamu sina.

Sasa sisi tuliolelewa na bibi zetu, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Akitia, wanaokula watapata kikohozi cha kifua. Wasichana wa leo hawayajui haya, wanatia tu. Mimi sikuweza. Mkono ulikuwa unakataa. Na jiko ni langu, tangu Oswaldi mwanangu aoe sikumwachia mtu sufuria la mboga. Kwa hiyo nikawa napika maharage bila chumvi, mchicha bila chumvi, hata samaki wa kukaushwa bila chumvi.

"Mama, chumvi imekwisha?" Oswaldi aliuliza.

"Nesi amenikataza. Presha."

"Sasa presha ni yako, sisi tunaadhibiwa kwa kosa gani? Mboga hii imebatizwa kwa maji matupu."

Hellena alicheka. Mimi nikasema asiyetaka aache, aende kula hotelini. Wakala.

Hellena ni Msukuma. Baba yake, Mzee Mayunga, alikuja na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita akakaa bondeni, Kaoze. Oswaldi alimpata huko alipokwenda kununua mpunga. Mimi sikupenda. Sikuwa na sababu niliyoweza kuisema mbele ya padri, ila sikupenda. Na miaka minne ilikuwa imepita bila mtoto, jambo ambalo lilinipa nafasi ya kutopenda kwa sauti.

Vitambaa vyangu nilikuwa nikivifua mwenyewe nyuma ya bafu la mabua na kuvianika ndani ya ua wa bafu, pasipoonekana. Kimoja hakikutakata. Nikakisukuma chini ya mabua nikasema nitakichoma moto. Sikukichoma. Mbwa akakivuta.

Siku hiyo nilikuwa uani napukuchua mahindi. Oswaldi akatoka nyuma ya nyumba ameshika kijiti, na kwenye kijiti kile kitambaa. Alikuwa amegeuza uso pembeni kama mtu aliyebeba nyoka.

"Hellena! Hiki ni nini?"

Hellena aliinuka kwenye karai la vyombo. "Sijui."

"Hujui? Hii nyumba ina wanawake wangapi?"

Hakuniangalia. Hata jicho moja hakunitupia. Nani amtazame bibi kizee kwa damu ya namna ile? Kwake yeye mwanamke alikuwa mmoja tu.

"Juzi uliniambia uko safi," akasema. "Leo kuna damu imefichwa. Umechoma sindano ya kuzuia uzazi. Walioichoma ndivyo wanavyofanya, damu inakuja ovyo ovyo. Miaka minne nahangaika na waganga na hospitali, kumbe wewe unakwenda kuchoma sindano!"

"Sijachoma sindano yoyote, baba. Naapa."

"Basi hii ya nani?"

Hindi lilikuwa mkononi mwangu. Ninalikumbuka, lilikuwa na mistari miwili iliyooza na wadudu. Niliendelea kulipukuchua. Hellena alikuwa ananiangalia, si kwa kunishuku, alikuwa anatafuta mtu wa kumsemea. Na Oswaldi akanigeukia, "Mama, unasikia mambo haya?"

Hapo ningeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha kuwa dhambi. Lakini mimi nilifungua mdomo wangu huu nikasema, "Mimi nilikuambia uoe kwetu."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika kama nilivyosema.

Oswaldi alimpigia simu Mzee Mayunga palepale, akamwambia aje Jumamosi ya wiki itakayofuata, kuna mazungumzo. Hellena alirudi kwenye vyombo. Alivisugua muda mrefu.

Jumapili baada ya misa akaja Redempta. Huyu ni rafiki yangu tangu utoto, mdomo wake hauna mlango. Nikampa ugali na maharage. Akatia tonge la kwanza, akatafuna, akanitazama, akatafuna tena.

"Weee Cornelia! Umevunja ungo mara ya pili?"

"Kula na unyamaze."

"Mboga haina hata punje! Haya niambie, mwali, tukuchezee ngoma lini?" Akacheka hadi akakohoa.

Hellena alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. "Bibi Redempta, chumvi na kuvunja ungo vinahusiana nini?"

Na Redempta akamweleza. Alimweleza yote, kwa raha zake, kama anayemfundisha mtoto wa watu desturi za kwetu. Mimi nilikuwa natazama sahani. Niliposikia ndoo inawekwa chini polepole nilijua kwamba nimekwisha.

Alingoja mpaka mgeni alipoondoka. Kisha akaja akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Mama, hujatia chumvi tangu tulipovuna ulezi."

"Presha."

"Mama."

Kuku walikuwa wanaparua kati yetu.

"Mwezi haurudi, mama," akasema. "Mama yangu mdogo kule bondeni alikuwa akitokwa na damu kwenye mkojo. Akaona haya. Hakusema."

"Ikawaje?"

"Tulimzika."

Nilitaka kumwambia aondoke mbele yangu. Badala yake nikasikia nauliza, "Utamwambia Oswaldi?"

"Hilo ni lako, mama. Mimi sitalisema. Lakini kesho tunakwenda hospitali."

Hakuniomba nimsafishe jina. Angeniomba, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Hakuomba.

Oswaldi tulimwambia tunakwenda kwa ajili ya macho yangu. Maneno ya macho niliyasema mimi. Hellena alikuwa anafunga kanga tu.

Mjini Sumbawanga walinipima mkojo kwanza. Kisha wakaniambia ninywe maji, lita nzima na zaidi, nisikojoe hata tone mpaka niingie kwenye chumba cha ultrasaundi. Nilikunywa. Wakanipaka kitu cha baridi tumboni wakapitisha kidude juu yake. Msichana aliyekuwa anapima alisema kibofu kikijaa ndiyo kinaonekana vizuri. Akaona kitu kwenye ukuta wa kibofu. Hakusema ni nini. Tukaambiwa turudi Alhamisi, daktari wa njia ya mkojo atakuwepo, nitapigwa picha ya kibofu kwa kamera, kipimo cha dakika chache, halafu naenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Mimi nikasikia picha. Basi Alhamisi nikavaa sare yangu ya kina mama wa kanisa, na kitambaa kichwani kimepigwa pasi. Nilijua sitapigwa picha ya uso, mimi si mjinga kiasi hicho, lakini picha ni picha. Na kwa sababu nilishafundishwa Jumatatu, nilikunywa maji. Hellena alisema, "Mama, hawajasema unywe." Nikamwambia yeye asinifundishe, kibofu ni changu na nimeshakipiga picha mara moja. Nikanywa vikombe vitano kabla ya kupanda gari na viwili tulipofika.

Tuliketi kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengi. Wanaume kwa wanawake. Saa ikaenda. Nilikaza magoti. Nilisali Salamu Maria, sikufika katikati. Hellena akaniuliza, "Mama, uende chooni?" Nikakataa kwa kichwa, maana wakipata kibofu kitupu watanirudisha nyumbani.

Nesi akatoka na karatasi. Jina lake Jane, msichana mwembamba, mchangamfu. "Bibi Cornelia? Shikamoo bibi. Haya, nenda kakojoe kwanza, uache kidogo kwenye kikopo hiki. Kwa kipimo hiki tunataka kibofu kitupu."

Kitupu! Niliposikia neno hilo mwili wangu ulilitii kabla yangu. Nilisimama, na kusimama ndiko kulikonimaliza. Ilitoka yote, ya moto, ikapita kwenye sare, ikapita kwenye soksi, ikaenea chini ya benchi mpaka kwenye kiatu cha mwanaume mmoja aliyekuwa anasoma simu. Na ilikuwa na rangi.

Sijui nilisimama vile muda gani. Ninachojua ni kwamba Hellena alikuwa na chupa kubwa ya maji kwenye mfuko, na sikumwona akiifungua. Niliona maji yakimwagika, mengi, kwenye sketi yangu, kwenye benchi, kwenye sakafu, na Hellena akipiga kelele, "Jamani! Samahani! Chupa imeniponyoka! Mama, nimekulowesha, samahani!"

Yule mwanaume akaruka. "We dada vipi? Huangalii? Unamwagia mama wa watu maji na baridi hii!"

"Samahani baba."

"Wasichana wa siku hizi, akili zote kwenye simu."

"Ni kweli baba. Samahani."

Akavua kanga yake moja akapiga magoti, akafuta. Akafuta chini ya miguu yangu na chini ya kiatu cha yule anayemtukana. Nyingine akanizungushia kiunoni. Hii ni mara ya pili sasa, nikajiambia, amebeba kilichotoka kwangu. Mara ya kwanza nilimtwika mimi. Mara hii alijitwika, mbele ya macho yangu, na bado sikusema kitu.

Jane aliona kila kitu, manesi wana macho. Alinishika kiwiko akanipeleka ndani, akasema, "Hata hivyo bibi, kazi ya kwanza umeimaliza." Nikataka kumchukia, nikashindwa.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, maana ndicho kilichonifanya niandike. Niliponawa nilipewa gauni la hospitali, linafungwa nyuma. Nikaona kitanda chenye vishikio vya miguu na mwanaume amevaa glavu. Dokta Calvin, kijana, umri wa mjukuu wangu.

"Huyu ndiye?" nikamuuliza Jane. "Hakuna mwanamke?"

"Leo hakuna, bibi."

"Basi nirudisheni nyumbani. Mimi sijaonwa na mwanaume tangu marehemu mume wangu, na hata yeye ilikuwa gizani."

Daktari hakucheka, namshukuru. Alisema, "Bibi, Jane atakufunika shuka mpaka magotini. Mimi nitakuwa naangalia televisheni ile pale. Wewe na mimi tutaangalia pamoja. Ukisema niache, naacha."

"Na huyu," nikamwonyesha Hellena, "atatoka?"

"Ukitaka atoke, atatoka."

Hellena alikwishageukia mlango. Nikasema, "Akae." Sikumwangalia niliposema.

Kabla ya kuanza daktari akaniuliza maswali. Nilishawahi kusimama kwenye maji ya mashamba? Nikamwambia nilipoolewa tulishuka bondeni miaka mingi kulima mpunga, maji hapa gotini. Akaandika. Halafu akauliza, "Damu imeanza lini, bibi?"

Swali dogo hilo. Mtoto angejibu. Hellena alikuwa amesimama upande wa kichwa changu, ninasikia pumzi yake.

"Wiki ya kuvuna ulezi," nikasema.

"Na uliwahi kuona mabonge, au kuchafua nguo?"

"Vitambaa. Nilikuwa navificha." Nikavuta pumzi. "Kimoja kilionekana."

Akaandika tu. Kwake ilikuwa ni mstari kwenye faili.

Unalala chali, miguu inawekwa juu, inatanuliwa. Jane ananawisha huko chini kwa dawa, ni ya baridi, utashtuka. Kisha wanatia jeli ya ganzi kwenye tundu la mkojo kwa kitu kama bomba la sindano lisilo na sindano. Inauma kidogo kama pilipili iliyopoa, halafu unangoja dakika kadhaa pawe pazito. Hawakulazi usingizi. Unaongea nao. Kisha daktari anapitisha mrija mwembamba, hauzidi kalamu ya wino, wenye taa na kamera nchani. Anakuambia vuta pumzi, toa, jifanye unakojoa. Hapo penye kuingia panaungua kidogo, panabana, halafu panaachia. Kisha wanafungulia maji yapite kwenye mrija yajaze kibofu, kwa sababu kikijaa ndipo kuta zinafunguka. Kwa hiyo maji yao wanaleta wenyewe, mama yangu. Usinywe ya kwako kama hujaambiwa.

Utasikia mkojo umekubana kweli kweli. Utadhani utamwaga. Mimi niliposikia hivyo nilianza kulia, baada ya kile cha ukumbini. Jane akasema, "Hata ukimwaga, bibi, kitanda hiki kimeona mengi." Hellena alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kitanda, karibu na mkono wangu, hakunigusa. Mimi ndiye niliyeushika mkono wake. Niliushika hivyo hivyo kama ninayeshika mpini.

Kwenye televisheni niliona ndani yangu. Pana rangi ya waridi, kama upande wa ndani wa mdomo, na mishipa midogo. Halafu sehemu fulani ukutani kama imenyunyizwa mchanga. Daktari akasema hayo ni makovu ya kichocho, ya zamani, ya yale maji ya mpunga. Kando yake kidonda chekundu kinachovuja. "Hiki ndicho kinachotoa damu," akasema. Akapitisha kitu kama koleo dogo kwenye mrija ule ule akanyofoa kipande cha kupima. Unasikia kubanwa, basi. Yote hayafiki robo saa.

Nyumbani unakunywa maji mengi. Siku ya kwanza na ya pili mkojo unaunguza na una damu kidogo, usiogope. Ukishindwa kukojoa kabisa, au homa ikipanda, au yakitoka mabonge, unarudi haraka. Mimi nilipewa na vidonge. Majibu ya kile kipande yalisema si saratani, ni kidonda cha kichocho. Ninalitaja hapa mapema usije ukakaa unangoja nife. Kilichokuwa kinanisubiri nyumbani hakikuwa kifo, alikuwa ni Mzee Mayunga, Jumamosi.

Alifika saa nne, amevaa koti refu na kofia. Tuliketi uani. Oswaldi akaeleza, kwa adabu lakini kwa uchungu: miaka minne, sindano, damu iliyofichwa. Hellena alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mzee alimsikiliza hadi mwisho akauliza, "Hicho kitambaa, binti yangu amekikubali?"

"Amekikataa, baba. Lakini kitakuwa cha nani?"

Kwetu mama hataji damu yake mbele ya mtoto wake wa kiume, na mbele ya mkwe mwanaume ndiyo kabisa. Nilikuwa nimekesha nikiyapanga maneno. Yakatoka haya:

"Ilikuwa ni damu ya kuku."

Oswaldi akanigeukia. "Kuku gani, mama? Wiki ile hatukuchinja kuku."

"Alikuwa mgonjwa. Nilimchinja nikamtupa."

"Ukampangusa kwa kitambaa, ukakificha bafuni?"

Mzee Mayunga alikuwa ananitazama kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko jeli ile. Nikatazama jikoni. Hellena hakutikisa kichwa, hakunikonyeza, hakufanya lolote. Alikuwa amesimama tu kama mtu anayengoja mvua ipite aanike nguo. Nikaona kwamba akiondoka leo hatanisema. Ataondoka na damu yangu mpaka Kaoze, na huko pia hatasema.

"Si kuku," nikasema. "Ni yangu. Inatoka kwenye mkojo tangu kuvuna ulezi. Safari za macho zilikuwa za hiyo. Alhamisi wameniingiza kamera kwenye kibofu. Huyu ndiye aliyenipeleka. Hana sindano yoyote. Alikuwa anajua ni yangu, akanisitiri."

Mzee Mayunga alivua kofia yake, akaitazama ndani. Kisha akasema, "Pole sana, mzazi mwenzangu. Ugonjwa si aibu." Akamgeukia Oswaldi. "Na wewe baba, umenipandisha mlima ule wote na magoti yangu haya, nije kuhukumu kitambaa cha mama yako."

Oswaldi alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuweza kuniangalia, wala mimi yeye. Akainuka, akaenda jikoni, nikamsikia anasema maneno ya chini chini. Na Hellena akajibu kwa sauti ya kawaida, "Nimesikia. Lakini nitakwenda na baba kwanza."

Alifunga nguo zake chache kwenye kitenge. Nilimnyang'anya furushi, nikalitia kichwani mwangu. Mama mkwe kumbebea mzigo mke wa mwanawe, barabarani, watu wanaona. Redempta alikuwa mlangoni kwake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga.

Mzee Mayunga alitangulia. Sisi tukawa nyuma.

"Hellena, nimekukosea."

"Ndiyo, mama."

Hakusema si kitu. Nilikuwa nangoja aseme si kitu.

"Ile ya kunyamaza naielewa," akasema baadaye. "Uliogopa. Hata mimi ningeogopa. Ungeniambia kwa siri, mama, ningekubali mwenyewe iwe yangu mpaka upone. Lakini uliongeza neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Nililijua. Lilikuwa mdomoni mwangu bado, kama mchanga. Nikasema nimelifuta. Akasema halifutwi na mimi.

Gari lilipokuja alichukua furushi lake kichwani mwangu, taratibu, asinivutie kitambaa. "Majibu ni lini?" akauliza.

"Jumatano, wiki ya tatu."

Akapanda. Hakusema atakuja, na mimi sikuuliza, kwa sababu sikuwa na uso wa kumuuliza.

Wiki hizo Oswaldi alishuka Kaoze mara moja akarudi peke yake. Aliniambia tu, "Amesema anafikiri." Tulikula bila maneno mengi. Hatukutajiana damu tena, lakini kila nilipokwenda chooni nilimsikia anakohoa kuniachia nafasi, na hiyo nayo ilikuwa aibu ya aina yake.

Jumatano nilikwenda mjini peke yangu. Nilikojoa kabla ya kuondoka, nikakojoa tena nilipofika. Walianza kuita majina. Saa nne na nusu mlango wa ukumbi ukafunguka akaingia Hellena, vumbi la bondeni limemjaa hadi kwenye nyusi, ameondoka kwao alfajiri. Alitafuta kwa macho, akaniona, akaja mpaka mbele yangu mbele ya watu wale wote. Akapinda goti kidogo kama anavyofanya siku zote.

"Shikamoo mama."

Maisha yangu yote nimeitikia salamu hiyo bila kufikiri, kwa watoto wa watu wote wa Kaengesa, kwa wapita njia, kwa walevi. Nilifungua mdomo niseme marahaba. Haikutoka. Nikasogea, nikampisha akae.